Ugali Uje Mwisho: Kurudi kwenye Chakula Kigumu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Maswali ni yale yale kila wiki. "Naruhusiwa kula ugali lini?" "Mbona samaki amenikaa kifuani?" "Nimekula vijiko vitatu tu nimeshiba, ni kawaida?" Wengi wanaouliza wamefanyiwa operesheni Nairobi, Dar es Salaam au India, wakarudi nyumbani na karatasi ya mlo inayotaja jibini, biskuti za chumvi na vitu vingine ambavyo jikoni kwao havijawahi kuingia. Ugali haumo. Dagaa hawamo. Mtu anafika wiki ya 6, daktari anamwambia aanze chakula cha kawaida, naye anaelewa kawaida ya kwao: ugali na nyama. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Nafanya kazi ya ushauri wa lishe, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya jiko letu. Ni kwa waliofanyiwa moja ya operesheni mbili zinazofanywa zaidi: ile ya kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, ambayo wengi huiita sliivu, na ile ya baipasi, ambapo kifuko kidogo cha tumbo huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Nachukulia kwamba umeshamaliza hatua ya vinywaji na hatua ya vyakula vya kusagwa. Karatasi ya daktari wako ikitofautiana na haya ninayoyasema, fuata karatasi ya daktari. Yeye ndiye anayejua alichokishona.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Kwenye sliivu, karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo imeondolewa na kilichobaki ni mrija mwembamba. Kwenye baipasi, kifuko kipya mwanzoni hubeba kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, na tundu la kutokea ni dogo. Tumbo la zamani lilikuwa linasaidia meno kusaga. Hili la sasa haliwezi. Kazi yote ya kusaga sasa ni ya mdomo wako, na kila kanuni iliyomo humu inatokana na hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa ya daktari. Vituo vingi huruhusu chakula laini kuanzia wiki ya 4 au ya 5, na chakula kigumu kati ya wiki ya 6 na ya 8.
- Sahani ndogo, ile ya kuwekea kikombe cha chai, na kijiko cha chai. Kijiko kikubwa kiache kabatini.
- Saa au simu ya kuhesabia dakika.
- Chupa ya maji yenye alama za vipimo.
- Mizani ndogo ya jikoni ukiweza kuipata. Ukikosa, kikombe cha kupimia kitatosha.
- Daftari.
- Vitamini ulizoandikiwa, za mwezi mzima, si za wiki moja.
- Namba ya simu ya kliniki iliyokufanyia operesheni, na nakala ya karatasi uliyoruhusiwa nayo kutoka wodini.

Kama unatumia dawa za kisukari au za presha, pima mara kwa mara na mwone daktari kabla ya kubadilisha mlo. Baada ya operesheni hizi sukari na presha hushuka haraka kwa watu wengi, na dozi uliyokuwa ukitumia zamani, hasa insulini na glibenklamaidi, inaweza kukuangusha.

Hatua kwa hatua

1. Jipime kama uko tayari. Uko tayari kama unakunywa angalau lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku bila shida, vyakula vya kusagwa vinapita bila kutapika, huna homa, na huna maumivu ya tumbo. Kama maji tu bado yanakusumbua, usiende kwenye kigumu kwa sababu kalenda imefika. Piga simu kliniki.

2. Mlo wa kwanza uwe samaki au yai. Hivi viwili ndivyo vinavyopita kwa urahisi kuliko vyote. Chukua minofu ya sato au changu, mchemshe kwa nyanya, kitunguu na chumvi kidogo, mchuzi uwe mwepesi, kisha mchambue kwa vidole mpaka uhakikishe hakuna mwiba hata mmoja. Weka vijiko vinne vya chai kwenye sahani. Hicho ndicho chakula chako chote cha mlo huo, na huenda ukashindwa kukimaliza. Usiongeze. Yai nalo likaangwe kwa mafuta kidogo huku ukilikoroga, litoke laini lenye unyevu. Yai la kukaanga likakauka hukwama, na la kuchemsha lililoiva sana pia humkaba mtu mpaka ulizoee.

Samaki wa kukaanga waliokauka, wale wanaouzwa jioni barabarani, waache kwa sasa. Si kwa ajili ya mafuta peke yake. Nyama yake imekuwa ngumu na nyuzi zake hazilainiki mdomoni.

3. Tafuna mpaka kipotee. Kipande kisizidi punje ya haragwe. Kitafune mara 20 hadi 30, mpaka ulimi ushindwe kukipata. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30, na ukifika dakika 30 ondoa sahani hata kama kimebaki. Kula ukiwa umekaa, runinga imezimwa. Najua ni vigumu kwenye nyumba yenye watoto, lakini wiki hizi za mwanzo omba wakuachie nafasi hiyo, kwa sababu wengi waliokwamiwa na chakula walikuwa wanazungumza au wana haraka ya kurudi kazini.

4. Jifunze dalili mpya za kushiba. Tumbo hili halikuambii kwa namna ile ya zamani. Wengine hupata kwikwi moja, wengine pua huanza kutoa kamasi, wengine huhema kwa nguvu au huhisi uzito katikati ya kifua. Hiyo ndiyo shibe. Acha hapo hapo. Kijiko kimoja baada ya dalili hiyo ndicho kinachowapeleka watu chooni kutapika.

5. Tenganisha kula na kunywa. Acha kunywa dakika 15 kabla ya mlo, usinywe wakati wa kula, na baada ya kula subiri dakika 30. Ukinywa juu ya chakula unajaza kifuko na kusukuma chakula kabla ya wakati wake. Kosa hili ni la kawaida sana kwetu kwa sababu tumelelewa na glasi ya maji mezani, na pia tumezoea kushushia. Ukihisi unahitaji kushushia kwa maji, kipande kilikuwa kikubwa au chakula kilikuwa kikavu. Kati ya mlo na mlo, kunywa kidogo kidogo mfululizo mpaka ufikishe lita moja na nusu hadi mbili.

6. Protini kwanza, mboga ya pili, wanga mwisho. Lengo la wagonjwa wengi ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Kwa kifuko kidogo namna hii, gramu hizo hazipatikani kwa bahati. Yai moja lina kama gramu 6. Sato aliyepikwa, gramu 60 kwenye mizani, ana kama gramu 15. Kuku wa uzito huo ana gramu 16 au zaidi kidogo. Maharage nusu kikombe yana gramu 7. Kikombe cha maziwa mgando kina gramu 8.

Kifuko kikishazoea, siku moja inaweza kwenda hivi: asubuhi yai moja lililochanganywa na vijiko viwili vya chakula vya dagaa waliosagwa. Saa 4 kikombe cha mgando usio na sukari, kidogo kidogo kwa saa nzima. Mchana sato. Saa 10 jioni kikombe cha maziwa kilichokorogewa vijiko viwili vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Usiku kuku aliyechemshwa mpaka akachambuka. Hapo umefika zaidi ya 60 bila kununua kopo la unga wa protini la bei ya kutisha.

Dagaa nawasifu kwa moyo wote. Wachague, toa vichwa na mchanga, wakaushe vizuri kwenye kikaango bila mafuta, wasage kwenye blenda, chekecha. Unga huo unaingia kwenye yai, kwenye mchuzi, kwenye mchicha. Ni protini na kalsiamu kwa bei ambayo mtu yeyote anaimudu.

7. Chakula kipya kimoja kwa wakati. Jaribu kitu kimoja, kaa nacho siku mbili, andika kwenye daftari: nini, kiasi gani, kilipikwaje, nilijisikiaje. Ukijaribu vitatu kwa mlo mmoja na ukatapika, hutajua nani mkosaji. Chakula kilichokukataa leo kipumzishe wiki mbili kisha kijaribu tena, kwa kuwa tumbo hubadilika.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: samaki na mayai, kisha dengu na choroko zilizopikwa mpaka zikavunjika, kisha maharage laini, kisha kuku wa mchuzi, kisha nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye mchuzi. Nyama ya vipande ije baada ya hapo, na nyama choma ndiyo ya mwisho kabisa kwenye foleni ya nyama. Kwa mboga anza na boga, karoti, mchicha na bamia. Sukuma wiki ikatwe nyembamba, mishipa itolewe, ipikwe zaidi ya ulivyozoea. Kisamvu kilichotwangwa vizuri hupita. Kwenye matunda, papai, ndizi mbivu na parachichi hutangulia. Chungwa lisilomenywa ngozi zake za ndani, nanasi na embe lenye nyuzi visubiri. Mahindi ya kuchoma yasubiri zaidi.

8. Sasa tuzungumze ugali. Ugali ni kati ya vyakula vinavyokwama sana, na sababu ni namna tunavyoula. Tazama watu wakila: tonge linafinyangwa, linachovywa, linamezwa. Hakuna anayetafuna ugali mara 20. Tumbo la zamani lilikuwa linalichukua donge hilo na kulisaga. Kifuko chako cha sasa kikipokea donge la wanga lililoshikana, linakaa mlangoni na kuziba. Chapati, mkate mweupe laini na maandazi vina tabia hiyo hiyo: ukitafuna vinajikusanya tena kuwa donge. Wali una shida nyingine, punje hukauka na kuvimba.

Kuna na sababu ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Ugali ukiingia, unachukua nafasi ya samaki. Kifuko kinachobeba vijiko vinne hakiwezi kubeba vyote viwili, na miezi 6 ya kwanza ndiyo mwili unapungua kwa kasi. Ukikosa protini wakati huo, kinachopungua ni msuli pamoja na mafuta.

Kwa hiyo usiuguse kabla ya mwezi wa 3 baada ya operesheni. Ukitaka wanga kabla ya hapo, chagua kiazi kitamu, ndizi za kupika au kiazi mviringo, vilivyochemshwa na kupondwa kwa mchuzi. Siku ya ugali ikifika, upikwe laini, chukua kipande kidogo kwa kijiko wala si kwa mkono, maana mkono una mazoea yake. Kilainishe kwa mchuzi, kitafune. Vijiko viwili vya chai, baada ya kumaliza protini na mboga. Wapo wasioupenda tena baada ya hapo, na wapo wanaoula vizuri maisha yao yote kwa kiasi hicho. Mkate nao uoke mpaka uwe mkavu, kwa sababu uliokaushwa huvunjika na hauji kuwa donge.

9. Vitamini ni sehemu ya mlo. Ni za maisha, hata ukijisikia mzima kabisa. Kwa kawaida utaandikiwa multivitamini, vitamini B12, vitamini D, madini ya chuma, na kalsiamu sitreti ya jumla ya miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, ikigawanywa kwa dozi zisizozidi miligramu 600. Kalsiamu na madini ya chuma visimezwe pamoja, viachane kwa saa mbili. Na usimeze dawa ya chuma kwa chai, ya rangi wala ya maziwa, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Makosa ninayoyaona sana

Uji kuwa chakula kikuu. Unapita kirahisi, unatuliza, na familia nzima inaamini mgonjwa hunywa uji. Lakini uji wa mahindi na sukari hauna protini ya kutosha, na ukizoea vinavyoteleza, uzito husimama mapema. Uji wa wimbi wenye maziwa na bila sukari, mara moja moja, sawa.

Soda, hata ile isiyo na sukari. Gesi hujaza kifuko na kuuma. Juisi ya miwa na juisi za matunda nazo ni sukari tupu inayoingia kwenye utumbo kwa kasi.

Kununua diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo au ya hedhi. Dawa za kundi hili huleta vidonda kwenye tumbo lililofanyiwa operesheni, zaidi kwa aliyefanyiwa baipasi. Muulize daktari, na kwa kawaida utaambiwa utumie parasetamoli.

Kula kwenye sinia. Pwani na kwenye shughuli nyingi chakula ni cha pamoja, na hakuna anayeweza kupima vijiko vinne kwenye sinia la pilau. Omba upakuliwe pembeni. Mama au shangazi atasema umekonda, umeugua, kula mwanangu. Huna haja ya kueleza operesheni kwa kila mtu. "Shikamoo shangazi, nimekula nimeshiba, naomba uniwekee kidogo nitaondoka nacho" inamaliza mazungumzo bila kumvunjia mtu heshima. Mwenzi wako au dada yako ajue ukweli, akusaidie kujibu.

Kufunga Ramadhani mapema. Miezi ya kwanza mwili unategemea kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, jambo ambalo funga hailiruhusu. Mwone daktari wako kabla ya mwezi kuandama, na umuulize sheikh unayemwamini kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Ukifika wakati wa kufunga, futuru yako isianze kwa kaimati na tambi za sukari. Anza na maji, kisha supu ya samaki au kuku.

Mambo yakienda vibaya

*Chakula kimekwama.* Utahisi kigingi kifuani na mate mazito yenye povu yatajaa mdomoni. Acha kula. Usinywe maji kulisukuma, maana hayana pa kupita. Simama, tembea taratibu, tema mate. Kwa wengi hupita ndani ya saa moja au mbili, au kinarudi chenyewe. Baada ya hapo tumia vinywaji tu mpaka kesho yake, kisha rudi kwenye vyakula laini. Kikikaa zaidi ya saa chache, au hata mate hayapiti, nenda hospitali.

*Moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linasokota, kuhara, dakika 10 hadi 30 baada ya kula.* Hii kitaalamu huitwa dampingi: chakula chenye sukari au mafuta mengi kimemwagika kwenye utumbo kwa haraka. Waliofanyiwa baipasi huipata zaidi. Lala, itapita. Kisha angalia daftari, utakuta chai ya sukari, tende kadhaa au kitu cha kukaanga.

*Kutetemeka, njaa kali na kizunguzungu saa 1 hadi 3 baada ya kula.* Sukari ya damu imeshuka. Pima kama una kipimo, chukua kitu kidogo chenye sukari, kisha ufuatishe chenye protini. Ikijirudia, mwone daktari.

*Maziwa yanakuletea gesi na kuhara.* Hamia kwenye mgando. Wengi wanaokataliwa na maziwa freshi hupokewa vizuri na mgando.

*Choo kigumu.* Mara nyingi ni maji machache. Ongeza maji kabla ya kutafuta dawa, kisha papai na bamia.

*Nywele zinakatika mwezi wa 3 au wa 4 baada ya operesheni.* Inatokea kwa wengi na kwa kawaida huota tena. Hakikisha protini na madini ya chuma, pima damu, na usinunue mafuta ya miujiza.

*Uzito umesimama wiki mbili.* Kawaida. Usipunguze chakula.

*Unatapika kila siku.* Hili usilizoee. Ukitapika kwa siku mbili au tatu, usisubiri: kutapika kukiendelea, vitamini B1 inaweza kuisha mwilini, na upungufu wake hushambulia ubongo: macho kuona vitu viwili, kuyumba ukitembea, kuchanganyikiwa. Nenda hospitali iliyo karibu na useme mlangoni kabisa kwamba ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Wape ile karatasi ya wodini. Waambie umekuwa ukitapika kwa siku kadhaa, na uombe wakupe vitamini B1 kabla ya kuwekewa dripu yenye sukari, kwa sababu sukari ikitangulia inaweza kuzidisha madhara. Mwenzi wako naye alijue hili, kwa kuwa huenda wewe hutakuwa na nguvu ya kulisema.

*Nenda hospitali leo hii, usisubiri kliniki,* ukiona homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, kutapika damu, choo cheusi kama lami, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi, au kushindwa kushusha hata maji kwa saa 24.